Sauti Iliyo Mbele

Sikukusudia kuandika habari za theluji katika kitabu hiki. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, na kwetu theluji ni kitu cha kutazamwa alfajiri, kabla Kibo haujajifunika mawingu. Mtu huitazama, husema "leo mlima umetakata," kisha huenda zake shambani. Sikumbuki mtoto yeyote wa rika langu aliyeifikiria kuwa ni kitu cha kuchezea. Lakini mwezi Machi 2014 nilikuwa Uingereza kwa binti yangu aliyekuwa amejifungua, na kwa kuwa nje kulikuwa na baridi na ndani hapakuwa na kazi nyingi za kumpa mzee, nilijikuta kila siku mbele ya televisheni nikitazama Michezo ya Paralimpiki ya majira ya baridi iliyokuwa ikifanyika Sochi, nchini Urusi. Nilichokiona kilinifurahisha na kilinikera kwa pamoja. Furaha ile niliweza kuieleza siku ileile. Kero imenichukua miaka.

Timu yenyewe ya Uingereza ilikuwa ndogo. Ukiacha wale waliocheza mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu wakiwa katika viti vya magurudumu, watelezaji wa milimani walikuwa saba tu, pamoja na waongozaji watatu wa wale wasioona vizuri. Miongoni mwao alikuwamo Mick Brennan, askari aliyepoteza miguu yote miwili Iraq mwaka 2004, ambaye aliteremka mlima akiwa ameketi katika kiti kilichofungwa juu ya skii. Alikuwamo pia binti wa miaka 15, Millie Knight, ndiye aliyebeba bendera siku ya ufunguzi. Warusi, waliokuwa kwao, walimaliza michezo ile wakiwa na medali 80. Waingereza walipata 6, na 5 kati ya hizo zililetwa na wanawake wanne tu: Kelly Gallagher na mwongozaji wake Charlotte Evans, Jade Etherington na mwongozaji wake Caroline Powell. Jumatatu ya tarehe 10 Machi, katika mbio ziitwazo Super-G, Gallagher na Evans walipata dhahabu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uingereza tangu michezo hii ya walemavu ya majira ya baridi ianzishwe mwaka 1976. Etherington na Powell walichukua shaba siku hiyohiyo, juu ya fedha tatu walizojipatia katika mbio nyingine.

Sasa nieleze kilichonikera. Kwa muda wa siku kumi nilisikiliza watangazaji, wachambuzi na watu wa magazeti wakizungumza juu ya wanawake hawa, na neno lililorudi kama kiitikio cha ngoma lilikuwa ushujaa. Ushujaa, moyo, kutokata tamaa, kushinda giza. Sikatai kwamba ushujaa ulikuwapo. Anayeteremka mlima kwa kasi inayokaribia kilomita 100 kwa saa ni shujaa, awe na macho au asiwe nayo. Ninachouliza ni hiki: iwapo mtu amefanya kazi ngumu sana mbele ya macho yangu, nawe uliyelipwa kunieleza kazi ile hunielezi inavyofanywa, ila unanieleza tu jinsi ninavyopaswa kuguswa moyo, je, umemheshimu mtendaji au umempora? Mchezo wa mpira hautangazwi hivyo. Hakuna mtangazaji anayejaza dakika tisini kwa kusema kwamba mshambuliaji ana moyo. Atakwambia ametegea wapi, beki amemwachia nafasi gani, pasi imetoka mguu gani.

Nitatoa mfano ulio wazi kwa kila mtu. Kituo cha Channel 4 ndicho kilichoonyesha michezo ile ya Sochi huko Uingereza, na miaka miwili kabla, kwa ajili ya michezo ya London ya 2012, kilikuwa kimetengeneza tangazo ambalo lilisifiwa sana, lililowaita wanamichezo hawa watu waliovuka ubinadamu. Lilitengenezwa kwa ustadi mkubwa. Katikati ya miili inayokimbia na kuogelea, ghafla inapita picha ya mlipuko wa vita, ya mama mjamzito, ya gari linalopinduka, ndipo michezo inaendelea. Mara ya kwanza nilipolitazama nilisisimka. Mara ya pili nilijiuliza, na wale wasiovuka ubinadamu je? Yule ambaye gari lilipinduka akabaki kuwa mtu wa kawaida, mwenye duka, mwenye madeni, mwenye kuchoka, tangazo hili linamwambia nini? Naona linamwambia kwamba milango ni miwili, wa kuhurumiwa na wa kushangaliwa, na ule wa katikati umefungwa.

Lakini tusiwacheke Wazungu peke yao. Lugha yetu nayo ilitangulia zamani katika kazi hii. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: tumewaweka wote katika ngeli ya kiti na kikapu, ingawa tunapofika kwenye kitenzi tunaona haya kidogo na kusema "kipofu amekuja" badala ya "kimekuja". Baadaye tukapata mlemavu, halafu mtu mwenye ulemavu, halafu asiyeona. Nami nayatumia, maana ni maneno ya adabu. Hata hivyo nimeishi muda wa kutosha kuona kwamba neno linaweza kubadilika mara tatu huku kiti cha nyuma ya darasa kikibaki palepale.

Basi, kazi ile inafanywaje? Nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma na kwa kumsumbua mkwe wangu anayeelewa mambo haya. Mwongozaji hutangulia. Huvaa fulana ya rangi kali, naye na anayemfuata wameunganishwa kwa redio ndogo ndani ya kofia zao.  Anateleza huku akisema, na anayosema yanapaswa kuwahi: pinda sasa, pumzika, kuna mwinuko, barafu ngumu, pana kivuli. Akichelewa kidogo tu, neno lake limekuwa la mahali palipokwisha kupitwa. Akiongeza kasi mno, mwenzake anapoteza ile rangi aliyokuwa akiiandama. Akipunguza mno, anamla muda, na huenda akamgonga. Naye anayefuata hajibebeshi tu kama mzigo, maana husema pia: ongeza, subiri, nakuona, sikuoni. Katika Super-G hakuna kuteremka kwa majaribio. Asubuhi wanaruhusiwa kuikagua njia polepole, mlango kwa mlango, na kuihifadhi kichwani, kisha wanateremka mara moja tu, yakaisha. Na siku zile za Sochi kulikuwa na joto, theluji imelainika kama ugali uliozidi maji, kwa hiyo njia iliyokaguliwa asubuhi haikuwa ileile iliyoteremkwa.

Halafu liko jambo la saa. Wasioona hugawanywa katika madaraja matatu: wa kwanza ambao hawaoni kitu, na ambao hufunikwa macho kabisa ili wawe sawa, wa pili wanaoona kidogo, na wa tatu wanaoona zaidi kidogo. Wote hushindania medali moja, kwa hiyo muda wa kila mmoja huzidishwa kwa kiwango cha daraja lake. Tuseme tu kwa mfano kwamba kiwango cha mtu ni 0.9, basi sekunde zake 90 zitahesabiwa kuwa 81. Gallagher alikuwa wa daraja la tatu, Etherington wa la pili. Kwa hiyo msichana huyu anaweza kufika chini akiwa nyuma kwa saa ya kawaida na bado akawa mbele. Mtazamaji anaona namba zinazogeuka bila kuelewa, mtangazaji anapita haraka kana kwamba ni siri ya aibu, ilhali kwangu mimi pale ndipo penye mjadala wenyewe. Nani ameamua kwamba kutoona kiasi hiki kuna thamani ya sekunde kadhaa? Kwa kipimo gani? Je, jua kali linawekwa katika hesabu? Gallagher aliishinda siku ile kwa sehemu ndogo ya sekunde mbele ya Aleksandra Frantceva wa Urusi. Kwa tofauti nyembamba kama hiyo, hesabu ya madaraja si jambo la kupitwa haraka.

Nimetaja jua kwa makusudi. Kelly Gallagher, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, ana ualbino. Niliposikia hivyo nilikaa wima. Watangazaji walilitaja mara moja kama maelezo ya ugonjwa, wakaendelea. Lakini ualbino si ngozi tu. Ukosefu wa ile rangi huanzia mtoto akiwa tumboni na kuifanya sehemu ya ndani ya jicho isikomae sawasawa, ndiyo maana macho huchezacheza, mwanga huumiza, na miwani husaidia kwa sehemu tu. Na theluji ni nini kama si kioo kikubwa kinachorudisha mwanga wote machoni? Mwanamke huyu alikuwa amechagua mahali penye mwanga mkali kuliko pote duniani, akateremka pale kwa kasi ya gari la abiria lenye dereva mkorofi. Tena alianza akiwa tayari kijana, likizoni huko Andorra, si mtoto wa milimani. Na alikuwa amesomea hisabati Chuo Kikuu cha Bath, akawa mtakwimu. Hilo la hisabati ndilo lililonichoma zaidi ya medali.

Ninaye mdogo wangu wa kike, wa tatu kutoka kwangu, ambaye ni albino. Hutumia neno hilohilo mwenyewe. Zeruzeru halitaki, na "mtu mwenye ualbino" husema ni refu mno kuitia mtu barabarani. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, kwa hiyo shuleni aliketishwa nyuma. Kutoka nyuma ubao kwake ulikuwa kitu cheusi chenye ukungu. Hakuna mwalimu aliyemwuliza anaona nini, naye hakujua kwamba wengine wanaona zaidi, atajuaje? Alinakili kwa jirani, na jirani alipokosea naye alikosea, akachapwa kwa makosa mawili, la hesabu na la kunakili. Alimaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kuendelea. Mimi ndugu yake nilikuja kuwa mwalimu, tena mwalimu wa hisabati, na nimeketisha watoto warefu nyuma kwa miaka mingi kabla sijaunganisha mambo haya mawili.

Nami ndiye nilikuwa mwongozaji wake. Mama alinipa kazi hiyo nikiwa na miaka tisa: mshike mkono mdogo wako. Nikamshika. Kwetu njia ya shule hukatiza mfongo mara mbili, ile mifereji ya maji ya wazee, na mimi nilikuwa na haraka zangu za mpira. Siku moja nilifika kwenye mfongo nikaruka, mkono wake nimeushika, wala sikusema neno. Yeye hakuruka, kwa kuwa hakujua kwamba pana cha kurukwa. Jiwe lilimchana mguu chini ya goti, na alama anayo hadi leo. Nyumbani nilipoulizwa nilijibu, "Haoni." Lilikuwa jibu la kweli, likakubaliwa, na aliyepewa pole ni mimi kwa mzigo niliobebeshwa.

Kwa hiyo nilipomtazama Charlotte Evans akishuka mbele, mikono yake yote miwili ikiwa imeshika fimbo zake mwenyewe, hamshiki mwenzake hata kwa kidole, nilielewa kitu ambacho hakuna mtangazaji aliyenisaidia kukielewa. Katika kipande nilichotazama, sauti yake haikusikika. Walikuwa wameifunika kwa sauti yao wenyewe, na kwa muziki. Huo ndio uhakiki wangu wote kwa kweli: walikuwa na nafasi ya kutusikilizisha mazungumzo yale, kazi yenyewe, wakachagua kutuambia kwamba inasisimua.

Nakumbuka kwamba kipindi hichohicho, huku kwetu, habari za watu wenye ualbino zilikuwa za namna nyingine kabisa. Tangu mwaka 2006 hivi watu walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo, hasa kanda ya Ziwa, kwa ajili ya ushirikina na fedha. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, na mwaka 2010 Salum Barwany alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini. Magazeti yaliandika "wa kwanza", kama ilivyostahili. Lakini msomaji wa magazeti yale angeweza kusoma mwaka mzima juu ya panga na mwaka mwingine juu ya bunge asikutane hata mara moja na habari ya kwamba mtoto yule haoni ubao. Wauaji tuliwalaani, na tulifanya vyema. Ubao hauna wa kulaaniwa, labda ndiyo sababu. Nimewauliza walimu wenzangu wastaafu, watu wema, ni wangapi waliambiwa chuoni kwamba mtoto huyu akae mbele, mbali na dirisha lenye jua, apewe maandishi makubwa, na mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Hakuna aliyekumbuka. Mwalimu anayesoma kwa sauti anachoandika! Ni jambo lisilo na gharama hata ya chaki, na ni jambo lilelile la Charlotte Evans.

Kwa kuwa najua wako watakaosema kwamba michezo hii haituhusu, niwakumbushe Tofiri Kibuuka. Alikuwa Mganda asiyeona. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa vijana wasioona waliopanda Kilimanjaro, mlima wetu, na mwaka 1976, katika michezo ya kwanza kabisa huko Örnsköldsvik, Sweden, alishindana katika mbio ndefu za skii kwa jina la Uganda. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushiriki. Baadaye alihamia Norway na kushindana kwa jina la nchi hiyo. Si mtu wa milima ya kuteremka kama hawa niliowaandika, mbio zake zilikuwa za masafa, lakini alitutangulia sote kufika kwenye theluji. Nilisoma shule zote bila kulisikia jina lake.

Niliporudi nyumbani nilimpelekea mdogo wangu habari hizi. Ana duka la vyakula karibu na stendi. Noti huzileta hadi puani kuzisoma, na wateja wamezoea. Nilimwonyesha dhahabu ile kwenye simu. Aliitazama kwa heshima, simu imegusa nyusi, akasema hongera zake, akaenda kumpimia mtu sukari. Sikufanikiwa. Miaka kadhaa baadaye, baada ya Neil Simpson kushinda Super-G huko Beijing mwaka 2022 akiongozwa na ndugu yake Andrew, mkwe wangu alinitumia kipande kingine, cha watelezaji wengine wakiwa mazoezini, kilichopigwa na kamera iliyofungwa kwenye kofia ya mwongozaji. Hakina muziki. Kuna mvumo wa upepo na sauti ya mtu inayosema na kusema bila kupumzika.

Mdogo wangu hakukitazama. Aliiweka simu sikioni kama anayepokea salamu. Kiingereza chake si kingi, akaniuliza anasema nini, nikamtafsiria: kushoto, kushoto, shikilia, njoo, sasa kulia. Akaniomba nikirudie. Halafu akauliza kama ni kweli wamepigana, mimi nikasema ni ndugu wengine waliopata dhahabu, hawa siwajui, lakini ndiyo, wapo kaka na mdogo wake wanaofanya kazi hii pamoja.

"Na hamshiki?"

"Hamshiki."

Alinirudishia simu. Jioni tulifunga duka pamoja, na kwa kuwa mtaa ule ulikuwa umechimbwa kwa ajili ya mabomba, nilinyoosha mkono kumshika kama kawaida yangu ya miaka hamsini.

"Tangulia, kaka," alisema. "Tangulia, ila sema."

Nikatangulia. Nilisema jiwe, nikasema shimo kulia, nikasema sasa pana ubao wa kuvukia. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Mtu huona vitu vingi kabla hajajua kwamba ameviona, na maneno yalikuwa yakinichelewa. Karibu na kona alinisimamisha mara mbili kwa kuwa nilikuwa nimenyamaza.

"Nilikuwa nafikiri," nilimwambia.

"Ufikiri ukifika nyumbani."